Kuzishawishi wizara nyingine zilinde afya

Swali: Nafanya kazi katika idara ya afya. Kila tunapopeleka mapendekezo kwenye wizara za fedha, kilimo au uchukuzi, tunaambiwa kuwa afya ni kazi yetu wenyewe. Tufanyeje ili watusikilize?

Jibu: Ndugu msomaji, wenzako hao hawana ubaya, kila wizara hupimwa kwa majukumu yake, na ombi la jumla la kuzingatia afya halimpi mwandishi wa sera kitu cha kuandika. Wapelekee kifungu kimoja kinachoingia katika nyenzo wanayoitumia tayari, iwe kodi, leseni au kikomo cha mwendo barabarani.

Tazama kodi ya vinywaji baridi ya Uingereza, iliyotangazwa mwaka 2016 na kuanza kutozwa Aprili 2018. Ilipoanza, kinywaji chenye sukari isiyofikia gramu 5 katika kila mililita 100 hakikutozwa chochote, kilichofikia gramu 5 lakini hakijafika 8 kilitozwa peni 18 kwa lita, na cha gramu 8 au zaidi kilitozwa peni 24. Ngazi hizo, pamoja na ile miaka miwili ya kusubiri, ndizo zilizofanya kazi: zaidi ya nusu ya watengenezaji walipunguza sukari hata kabla kodi haijaanza. Kwa sababu hiyo makadirio ya mapato ya mwaka wa kwanza, ambayo awali yalikuwa pauni milioni 520, yalishushwa hadi takribani milioni 240. Mtu wa hazina anaweza kuliita hilo pengo katika bajeti, ilhali kwako ndilo lengo lenyewe. Basi kipimo cha mafanikio mkubaliane kwa maandishi kabla sera haijapitishwa.

Kwa kilimo, anza na mavuno. Katika miaka ya 1990 Sri Lanka ilipiga marufuku viuatilifu (dawa za kuua wadudu wa mazao) kadhaa vyenye sumu kali, ambavyo watu walikuwa wakivinywa ili kujiua, na vifo vya kujiua vikapungua sana miaka iliyofuata. Watafiti waliochunguza mavuno hawakuona kwamba yaliporomoka kwa sababu ya marufuku hiyo, na matokeo hayo ndiyo ya kutanguliza mbele ya mabwana shamba, ya vifo yafuate.

Rasimu ikishafika baraza la mawaziri, maoni yako yatapokewa kwa shukrani na kuwekwa kwenye jalada. Ombeni mapema nafasi katika kamati inayoiandika, kama jimbo la Australia Kusini lilivyoanza kufanya mwaka 2007, ambako watu wa afya huchambua sera pamoja na wizara husika wakianzia kwenye malengo ya wizara hiyo. (Warsha za kuhamasisha sekta nyingine zina posho, lakini ni nadra kubadili kifungu.) Mtakayemtuma awe mtu anayeweza kusoma jedwali la kodi, si mjuzi wa magonjwa peke yake.