Castara, Tobago: lala hapo ungoje juya

Umeuliza kama inafaa kukaa siku tatu katika kijiji kidogo cha wavuvi huko Karibi, au ni afadhali kubaki hotelini na kukitembelea kwa saa chache. Mimi nasema ukae, na kijiji ninachokifahamu ni Castara, upande wa kaskazini wa kisiwa cha Tobago, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka uwanja wa ndege ulioko Crown Point. Nyuma yake kuna msitu wa Main Ridge, uliohifadhiwa kisheria tangu 1776.

Ninasisitiza kulala hapo kwa sababu ya juya, yaani wavu mrefu unaozungushiwa samaki kisha ukavutwa na watu hadi pwani. Watu husubiri mpaka kundi la samaki lionekane ghubani, kwa hiyo mgeni wa saa mbili hulikosa. Asubuhi ya pili nilisikia kombe, ganda kubwa la baharini, likipulizwa kama baragumu, nikashuka mbio na kamera yangu. Mashua ilikuwa imekwisha kulizungusha juya na kamba zake mbili zimeletwa pwani. Mzee mmoja, ambaye sikuwa nimemsalimu, alinitazama, kisha akanionyesha kamba. Niliweka kamera chini, nikamwamkia kama ilivyonipasa tangu mwanzo, nikashika nyuma ya vijana wawili na mama mmoja. Unavuta ukirudi kinyumenyume hadi kwenye minazi, unaachia, unarudi ukingoni mwa maji kushika upya, huku makundi mawili ya wavutaji yakisogeleana kadiri juya linavyofunga. Ndege aina ya mwari walikuwa wakijitupa palepale mfuko wa juya ulipokuwa, na ulipofika kwenye maji ya magotini, bahari ilitokota kwa samaki wadogo wa jamii ya kolekole.

Kila aliyevuta alipewa kitoweo, hata mimi. Nimezaliwa Pangani na desturi hiyo naijua, ingawa kwetu juya la kuvutwa pwani limepigwa marufuku kwa kuwa hukomba samaki wachanga, na jambo hilo lilinisumbua hata nikiwa na kamba mkononi.

Mwenyeji wangu aliwakaanga samaki niliopewa, tukala na mkate wa nazi uliookwa ufukweni katika tanuri la udongo, ambalo huwashwa kuni ndani, makaa yakaondolewa, ndipo mikate ikaingizwa.

Beba dola taslimu za Trinidad na Tobago, epuka mvua za Juni hadi Desemba ukiweza, na usimpige mtu picha kabla ya kumsalimu na kumwomba.