Maswali na majibu: Mlango wa trela la kulala, ununue au uutengeneze?

Mwezi uliopita niliandika kuhusu kujitengenezea trela dogo la kulala, lile la umbo la tone la maji ambalo Marekani huitwa tiadropu. Watu wa huko walianza kuyatengeneza majumbani miaka ya 1930 kwa ramani zilizochapwa magazetini, na mpaka leo kipimo kilichozoeleka ni futi 4 kwa 8, sawasawa na plaiwudi moja nzima. Ndani hamna kusimama. Unainama, unaingia kwa mlango wa ubavuni, unalala. Jiko liko nyuma, chini ya kifuniko. Barua zilizonirudia karibu zote zinauliza habari ya mlango, na leo najibu hizo.

Fundi, shikamoo. Niko Columbus, Ohio. Chasi iko tayari, plaiwudi ya nusu inchi nimeshanunua, na wiki ijayo nakata kuta. Milango miwili ya kiwandani itanila mamia ya dola. Mimi na mdogo wangu tunajua kushika msumeno. Tununue au tutengeneze?

Marahaba, mwanangu. Kabla ya yote, wiki ijayo usikate ukuta. Ukuta hukatwa mlango ukiwa umeshafika na umelala mbele yako sakafuni, au, kama unautengeneza, ukiwa umeshachorwa kwa ukubwa wake kamili. Nimeona watu wengi wakikata tundu kwanza kisha wakahangaika kutafuta mlango wa kulitosha. Milango ya kiwandani ina vipimo vyake, kama inchi 26 kwa 36, na kona zake zina mviringo wake. Tundu likipishana nayo kidogo tu umeharibu plaiwudi nzima.

Sasa swali lako. Mtu akiona bei ya kiwandani huhesabu ubao, dirisha na kitasa, akasema hivyo naweza. Kweli unaweza. Lakini kinachouzwa pale hasa ni fremu. Ina mdomo wa alumini unaolala juu ya ukuta kwa nje na kufunika ukingo uliokatwa, na kwa ndani kuna pete inayobanwa kwa skrubu mpaka ukuta unakuwa katikati kama nyama ndani ya mkate. Mpira wa kuzuia maji umeshapachikwa mahali pake, na ubao umeshaning'inizwa ukacheza sawa ndani ya fremu. Kwa maneno mengine, unanunua pengo lililofungwa vizuri.

Nimekulia karakana ya seremala Tanga, na pale nilifundishwa kutazama milango ya kale ya pwani. Katikati ya mbao mbili za mlango wa Unguja au Lamu kuna mfaa, ule mti uliochongwa unaosimama wima. Wageni huusifia maua yake. Kazi yake ni kufunika mwanya mbao mbili zinapokutana. Mafundi wale walijua kuwa ubao hausumbui, mwanya ndio unaosumbua. Trela lako lina mwanya uleule, ila lenyewe hupigwa na mvua likikimbia maili sitini kwa saa.

Kwa hiyo, kama ni trela lenu la kwanza na mlango wenu ni wa mstatili, nunueni. Fanyeni hesabu ya kweli: bawaba isiyoshika kutu, kitasa kinachofunguka pande zote mbili, dirisha lenye wavu wa mbu, mipira, utepe wa kuzibia, pamoja na Jumamosi nne au tano. Ukivijumlisha, zile pesa mlizodhani mnaokoa zinapungua sana. Ufundi wenu utumieni kwenye kabati, kitanda na jiko. Huko kosa la milimita tatu halimlowanishi mtu.

Ningewaambia mtengeneze kama mlango wenu unafuata umbo ambalo kiwanda hakina. Matrela mengi mazuri ya zamani yana mlango ambao kona yake ya chini, upande wa nyuma, imekatwa kufuata mviringo wa madigadi, na ubao wa hivyo ukitengenezwa kwa mkono unapendeza kuliko kitu chochote cha dukani. Viwanda vichache vinatoa umbo linalokaribia hilo, lakini madigadi yako ndiyo yatakayoamua kama linaingia.

Jambo la mwisho kwako ni unene wa ukuta. Pete ya ndani imetengenezwa kubana unene fulani, mara nyingi kuanzia robo tatu ya inchi kwenda juu. Ukuta wa nusu inchi utacheza humo. Gundisha vipande vya mbao kuzunguka tundu kwa ndani mpaka unene utimie, na upime ukuta uliokamilika, pamoja na bati la nje.

Niko Minneapolis. Nilikata mlango kwa jigsoo kutoka ukuta wenyewe, kipande kilichotoka nikakitia bawaba kikawa mlango. Ulikaa vizuri mpaka baridi ikaja. Sasa kona ya chini imetoka nje karibu sentimita moja. Niunyoosheje?

Pole sana. Na mimi mlango wangu wa kwanza niliufanya hivyohivyo, kwa sababu inaonekana kama akili: mlango unatoshea tundu lake wenyewe, tena hupotezi mbao. Nikalala na shuka mbichi.

Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, plaiwudi ikiwa ukutani imeshikwa pande zote. Ukiikata, imeachiwa, nayo hufuata unyevu. Nadhani umeipaka vanishi nyepesi kwa ndani na kwa nje umeibandika bati au rangi nzito. Usiku watu wawili wanapumua ndani, upande mmoja unanyonya unyevu na mwingine hauwezi, basi ubao unapinda. La pili, msumeno wa jigsoo unaondoa kama milimita moja na nusu tu. Mwanya huo hautoshi. Ukiongeza rangi na mbao ikivimba kidogo mlango unakwama, ukiuranda usikwame unavuja.

Kuunyoosha kwa mawe na maji ya moto usijaribu, utarudi ulipokuwa. Kipande hicho kifanye kielelezo cha kuchorea mlango mpya. Mlango mpya uwe na mifupa: fremu ya mbao nyepesi iliyokauka na yenye nyuzi zilizonyooka, kona zake zimepachikwa nusu kwa nusu na kutiwa gundi isiyoachia majini au epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili. Katikati jaza ubao wa povu la kuzuia baridi. Kisha vika plaiwudi nyembamba pande zote mbili. Hapa naomba unisikilize vizuri: pande zote mbili ziwe za unene mmoja, na zipakwe kitu kilekile, mara zilezile. Ubao ukiwa na pande mbili zinazolingana hauna sababu ya kupinda. Gandisha ukiwa umelala juu ya meza iliyonyooka kabisa, maana mlango ukikauka umepinda utabaki umepinda maisha yake yote.

Kingo zipake epoksi mpaka zisinywe tena. Plaiwudi hunywa maji kwa ukingo, kama utambi wa taa.

Mwanya uache milimita tatu kuzunguka, kisha uufunike. Pigilia kwa nje ya mlango ukanda wa alumini au wa mbao ngumu unaopita mwanya na kulala juu ya ukuta. Ndio mfaa wako huo. Nyuma yake weka mpira wa duara wenye uwazi ndani, ule wa aina ya milango ya magari. Sponji za kubandika za dirishani ziache, hunywa maji zikayatunza. Na juu ya mlango, ukutani, weka mchirizi mdogo wa kukinga maji yanayoteremka kutoka paani. Mchirizi huo wa bei ndogo husaidia kuliko mpira wa bei kubwa.

Bawaba ziwekwe upande wa mbele au wa nyuma?

Mbele. Kitasa kikiachia njiani, upepo utausukuma mlango ujifunge. Ukiziweka nyuma, upepo huohuo utaung'oa. Na hata kama ukingo wa mlango wako umepinda, pini za bawaba zote lazima zikae kwenye mstari mmoja ulionyooka, ama sivyo mlango hautafunguka.

Kaka, nakusoma kutoka Arusha. Huku milango hiyo haiuzwi, na kuiagiza ni gharama. Fundi wa madirisha ya alumini anasema anaweza kunitengenezea. Mbao za mninga ninazo. Niende na yupi?

Nenda na mninga, ndugu yangu, na ningekuwa karibu ningekuja tuushike pamoja. Alumini ya madirisha imeumbwa kukaa ukutani bila kutikisika. Kona zake hushikwa kwa skrubu mbili tatu, na barabara ya vumbi yenye matuta madogo madogo itazilegeza kabla hujafika Karatu kwa njia za ndani. Ukiitaka lazima, mwambie kona azitie vyuma vya pembe kwa ndani na kuzipiga ribiti.

Mninga kwa upande wake ni mbao tulivu kuliko karibu zote tunazozijua. Ukikauka husinyaa kidogo sana, na umbo lake haliondoki. Ndiyo maana milango na fanicha za mninga zinarithiwa. Huhitaji mwingi: tengeneza fremu ya mifupa yenye upana wa sentimita tano tu, kisha vika plaiwudi nyembamba kama nilivyomwambia wa Minneapolis, uzito usije ukazidi bawaba.

Kwako wewe adui mkubwa ni vumbi, mvua inafuata. Trela likikimbia, hewa ya ndani hufyonzwa nje na vumbi huingia kwa kila mwanya uliopo. Weka mistari miwili ya mpira, mmoja kwenye ukanda wa nje na mwingine kwa ndani, kwenye ngazi ya fremu pale mlango unapogota. Mipira ya milango ya magari yaliyochakaa inafaa sana. Ukifika Dar es Salaam pita Gerezani. Walio Nairobi waende Kirinyaga Road. Chagua laini isiyopasuka ukiikunja. Kisha toboa tundu dogo la hewa juu upande wa mbele, lenye chujio na kifuniko, ulifungue ukiwa safarini. Hewa itakayoingia pale itajaza ndani na kulisukuma vumbi lirudi nje. Waendao nyikani na matrela wanafanya hivyo, na matokeo utayaona kwenye shuka.

Kitasa kiwe cha ulimi wa chuma. Sumaku usiitumaini. Tena, ramani nyingi ni za Marekani, ambako magari hupita kulia, na kama trela lina mlango mmoja huwekwa kulia. Sisi tunapita kushoto. Ukiinakili ramani bila kugeuza, watoto watashukia katikati ya barabara.

Shikamoo baba. Mume wangu anatutengenezea trela, sisi na mtoto wa miaka sita. Ameamua mlango uwe mmoja ili kuokoa pesa, na kufuli ya kawaida kwa nje kwa sababu ya wezi. Mimi moyo wangu haujatulia. Niko Toronto.

Marahaba mama, na moyo wako uko sawa. Msomee mumeo haya kwa upole, lakini yote.

Kufuli ya nje peke yake haifai kwa chumba wanacholala watu. Mtu akiipachika mkiwa ndani, kwa ubaya au kwa mzaha, hamtoki. Kila mlango wa trela lazima ufunguke kutoka ndani bila ufunguo, gizani, kwa mkono wa mtoto wa miaka sita. Mfanyishe mazoezi: zima taa, mwambie afungue. Akishindwa, badilisheni kitasa. Kwa wezi kuna vitasa vya matrela vinavyofungwa kwa ufunguo nje huku ndani vikifunguka kwa kuvuta tu.

Mlango wa pili si anasa. Jiko liko nyuma, mafuta ya gari yako mbele, na mti unaweza kuangukia ubavu mmoja. Kama pesa ni chache, afadhali milango miwili ya kujitengenezea kuliko mmoja wa kiwandani. Ikishindikana kabisa, ubavu wa pili uwe na dirisha la kufunguka ambalo mtu mzima anapita, na mlijaribu kwa kupita kweli.

Na mlango ukishafungwa vizuri kama ninavyofundisha hapa, hewa nayo imefungwa. Acheni dirisha wazi kidogo, pamoja na tundu la paani. Msiwashe jiko wala mkaa ndani hata usiku wa baridi kali. Hewa yake yenye sumu, monoksidi ya kaboni, haionekani wala hainuki. Wekeni kengele ya kuigundua hewa hiyo karibu na kichwa cha kitanda.

Fremu ya mlango niizibe kwa silikoni au utepe wa butili?

Butili, ule utepe laini wa mpira unaonata, uuweke chini ya mdomo wa fremu. Haikauki ikapasuka, na siku ukitaka kuing'oa fremu inakubali. Silikoni ikishapakwa, rangi haishiki juu yake, na hata silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Ukibana skrubu, nenda mzunguko mara tatu nne polepole, na rudi kesho yake kubana tena, maana butili hutambaa. Matundu madogo chini ya fremu usiyazibe. Ni njia ya maji kutokea.

Nitajuaje mlango wangu ni mkubwa wa kutosha?

Chukua boksi la friji, kata tundu la mlango kwa kipimo ulichokusudia, lisimamishe sakafuni kwa kimo kilekile ambacho sakafu ya trela itakuwa. Mwite mrefu kuliko wote nyumbani aingie, ajilaze, kisha atoke akiwa amebeba blanketi. Bandika na umbo la madigadi pembeni uone goti linagonga wapi. Akitoka bila kushika ukingo, kipimo hicho kihamishie kwenye plaiwudi.