Mbegu hazikuwa feki, nilizichoma mwenyewe

Juzi msomaji mmoja kanitumia picha ya kitalu kisicho na hata mche mmoja, na maneno manne: "Kaka, nimeuziwa mbegu feki." Nikamuuliza, ulizilowesha kwenye nini? Kimya. Baada ya saa mbili: "Maji na dawa kidogo."

Hiyo dawa kidogo naijua.

Msimu wangu wa pili wa nyanya, kule Ilula, sota, wale viwavi wakata miche, walinimaliza. Unaamka asubuhi unakuta miche imelala chini, imekatwa shingoni kama kwa wembe. Msimu uliofuata nikasema safari hii watanitambua. Nikanunua mbegu chotara, nikachukua ile dawa ya wadudu ambayo ukiitia kwenye maji yanageuka meupe kama maziwa, vifuniko viwili kwenye kopo la lita moja, mbegu zikalala humo usiku kucha. Kwenye bomba la kupulizia la lita 20 nilikuwa naweka vifuniko hivyohivyo viwili. Hesabu hiyo sikuipiga.

Jirani tuliosia naye siku moja, siku ya 7 kitalu chake kilikuwa kijani. Changu siku ya 10 kilikuwa na miche ya kuhesabu kwa vidole, vijani vimejikunja, kingo zimeungua. Nikachimbua kwa njiti ya kiberiti. Mbegu zilikuwa zimepasuka, kimzizi kimetoka milimita mbili tatu kikaishia hapo, ncha ya kahawia.

Nilichofanya baadaye ndicho kinachoniuma. Nilikwenda duka la pembejeo nikamfokea mama wa watu mbele ya wateja. Hakujibu. Alichukua mbegu za pakiti ileile, akazifunga kwenye kitambaa kibichi, na baada ya wiki akanitumia kijana aje anionyeshe: zimeota zote. Kijana akaniuliza nilizifanyaje, nikamwambia. Mpaka leo kuna watu wananiita Vifuniko Viwili.

Sasa nisikilizeni, hasa nyie mnaotaka utajiri wa nyanya kwa msimu mmoja. Dawa ya kupulizia majani si ya kulowesha mbegu. Kimzizi ndicho hutoka kwanza, laini, na ndicho kinachopokea sumu pamoja na mafuta yanayoibeba. Soma lebo. Kama haikutaja mbegu, usiweke mbegu. Zikiwa na rangi ya pinki au kijani, zimeshawekwa dawa huko zilikotoka, unaongeza ya nini? Sota hukata usiku, chukua tochi ukawaokote. Uvivu wetu ndio unatuponza. Na lebo, nimesema, soma.

Yule msomaji karudi jana, anauliza kama akisuuza zilizobaki kwenye kopo zitafaa. Nimemwambia afunge 20 kwenye kitambaa kibichi, na 20 nyingine ambazo hazijagusa dawa kwenye kingine. Atanitumia picha Jumapili.