Wadogo zangu, kiwavi bila mmea wake si rekodi

Msimu huu tena nimekuta kopo limejaa viwavi wa kipepeo aitwaye Coeliades forestan, lebo inasema "vichakani, Gede", bila jina la mmea waliokuwa wakiula. Basi tuzungumze.

1. Acheni kumkimbiza mkubwa, yaani kipepeo mwenyewe. Forestan ni mnene, ana nguvu, anapita kama jiwe la kombeo. Chungulieni chini ya majani. Huko ndiko anakopumzika, mabawa yamefumbwa na ule mkanda mweupe wa bawa la nyuma unaonekana vizuri.

2. Msitafute kinyesi chini ya mmea. Viwavi wengi wa Hesperiidae, familia ya vipepeo aliyomo forestan, hukirusha mbali na kibanda chao, maana nyigu hufuata harufu yake. Tafuteni jani lililokunjwa na kushikizwa kwa hariri. Ukilifunua unamkuta bwana harusi: pingili za njano na nyekundu iliyokolea, kichwa cha rangi ya chungwa chenye madoa meusi. Anayemwona mara ya kwanza hupiga kelele. Piga, kisha mfunike polepole.

3. Kopo moja, kiwavi mmoja, mmea mmoja. Forestan hula mlama, mnili na mimea mingine. Ukishawachanganya, siku pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) zinapopasuka hujui nani katoka wapi. Akitoka nyigu kimelea badala ya kipepeo, hujui alimla nani. Kijana mmoja akaniuliza, "Kaka, si wote forestan tu?" Huenda. Lakini kule Guanacaste, Costa Rica, kipepeo Astraptes fulgerator naye alihesabiwa spishi moja tangu alipopewa jina mwaka 1775. Wakubwa walifanana mno; viwavi walitofautiana rangi na chakula. Mwaka 2004 wanasayansi Hebert, Janzen na wenzao walisoma DNA zao wakatangaza spishi 10 chini ya jina lile moja. Waliweza kwa sababu viwavi walilelewa huku mmea wa kila mmoja umeandikwa. Lebo zingesema "vichakani", DNA ingelinganishwa na nini? Hilo ndilo linaloniuma nikiona kopo kama lile: wanyama wazima, kazi ya jua kali, na swali lenyewe limeshapotea.

4. Mmea huujui? Kata tawi lenye ua au tunda, likaushe ndani ya gazeti.

5. Waulizeni wafugaji wa vipepeo wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, pale karibu na Gede. Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa 1993, huuza pupa wanazolea, na kiwavi asipopewa jani lake hakuna pupa ya kuuza. Fuataneni nao wakienda kukata majani, mwandike jina wanalolitaja papo hapo. La kitaalamu litafuata.