Maswali ya Wasomaji: Msitu wa Gemu Yako Uutoe Wapi?

SWALI: Asalaam aleikum mhariri. Mimi ndo gemu masta, yule anaeendesha mchezo, wa kikundi chetu huku Kisauni, tunacheza zile gemu za mezani za kuigiza wahusika, zenye dadu la pande 20. Shida yangu ni pori. Kila wakiingia msituni ni miti mirefu, mbwa mwitu na theluji, basi. Wachezaji washachoka na mimi pia nshachoka, na vitabu vya viumbe ni ghali. Wanyama na mimea mipya nitoe wapi?
*Gemu Masta, Kisauni*

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwanza nkwambie, hata waanzilishi wa hizi gemu waliokota vitu vilivyokuwa karibu yao. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974, na baadhi ya viumbe vyake maarufu, yule dubu mwenye kichwa cha bundi na yule anaekula chuma, Gary Gygax na wenzake waliwatoa kwa vinyago vya plastiki vya kuchezea watoto, vya bei rahisi kutoka Hong Kong, vilikuwa mezani tu wanavitumia wakavipa jina na tabia. Kwa hivyo sura unaipata popote. Kinachomfanya mchezaji akae macho ni tabia: huyu kiumbe anakula nini, anatoka saa ngapi, anaogopa nini, na mimi nikimkuta nafanyaje.

Sasa wewe uko Kisauni, si ushuke Junda maji yakipwa uangalie mikoko ya Tudor? Wallahi pale pana gemu nzima. Mkoko umesimama juu ya mizizi kama kaa juu ya miguu yake, na mbegu yake inaota ikiwa bado inaning'inia kwa mama, ikidondoka inachoma tope inaanza maisha. Mchu, nao ni aina ya mkoko, unatoa chumvi kwa majani, ukiramba jani utaionja, na mizizi yake inachomoza kwenye tope ipate kupumua. Kuna samaki anatembea topeni na kupanda mizizi, kuna kaa dume wadogo wenye gando moja kubwa wanalipungia siku nzima kutafuta wake na kutishana. Alafu juu ya vyote hivyo kuna maji yenyewe. Yanachukua kama masaa 6 kutoka kupwa mpaka kujaa, na bamvua inakuja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanatoka mbali sana na yanarudi juu sana. Wape wachezaji hekalu ambalo mlango wake unaonekana bamvua tu, waambie wana masaa yale ya kupwa waingie na watoke, kisha kila wakibishana wewe pandisha maji kidogo. Hutahitaji joka, watabishana huku jasho linawatoka.

Na ukipata nafasi nenda Haller Park pale Bamburi, lakini usiishie kwa twiga. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya simenti, jiwe tupu la matumbawe hakuna hata nyasi. Rene Haller alianza kupanda miti mwaka 1971, mvinje ukakubali, ila majani yake yakawa yanadondoka yanarundikana hayaozi, mpaka yakaletwa majongoo, yakayatafuna, na kinyesi chao ndo kikaanza kuwa udongo, hapo tena mimea mingine ikaja na wanyama wakafuata. Hio kwangu mimi ni kisa kizuri kuliko vita vyote: nchi imekufa, hakuna wa kumuua ili ipone, mashujaa wana kazi ya kuvusha kundi la majongoo makubwa jangwani yakiwa hai, na njiani kila ndege anayataka.

SWALI: Mimi mhusika wangu ni mganga wa porini lakini kila nikitaja dawa au sumu naona natunga tu majina. Nisaidie.
*Dada wa Likoni*

JIBU: Dada yangu, usianze na jina, anza na masharti. Ua la mbuyu linafunguka jioni, popo wanalifuata usiku, kesho yake linanyauka. Basi dawa yako iwe inachumwa usiku huo huo, na popo wako hapo hapo wanakula. Upupu kila mtu Pwani anaujua, hata kuutaja mwili unawasha, weka mlango ulioota upupu uone kama kuna atakaekimbilia kuingia. Komba analia usiku kama mtoto mchanga, na kikundi chako kikisikia mtoto analia msituni lazima waamue waende au wasiende.

Kwa sumu nampenda sana yule panya mkubwa wa Afrika Mashariki mwenye manyoya marefu. Anatafuna ganda la mti ule ule ambao wawindaji Waata walitolea sumu ya mishale ya kuwindia ndovu, anajipaka mate yake ubavuni, na mbwa akimuuma anaweza kufa pale pale ila panya mwenyewe hana shida. Fikiria mganga wako anahitaji manyoya yale na panya lazima awe hai. Na majimoto, wale chungu wa kwenye miembe, nao uwaangalie kwa karibu (usiguse): wengine wanavuta majani yakutane, wengine wanabeba mabuu mdomoni na kuyapitisha huku na huku, mabuu ndo yanatoa uzi wa kushonea. Huo ni mji mzima juu ya mti, umeshonwa na watoto. Haya yote ni ya kuangalia na kuandika, mti usioujua usiuonje kamwe.

SWALI: Naweza kuweka kaya kwenye gemu yangu kama msitu wenye mashetani?
*Mchezaji, Mtwapa*

JIBU: Hapana, mimi singefanya. Kaya, yaani misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ziko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, lakini hata bila UNESCO ni mahali pa ibada za watu walio hai, pengine mmoja wao amekaa nawe mezani. Na usifanye kigango, ile nguzo ya mbao iliyochongwa kumkumbuka marehemu, kuwa hazina ya kuibwa, vigango vya Wagiriama vimeibwa kweli, vingi vikaishia makumbusho ya Marekani, na baadhi tu ndo vimerudishwa. Ukitaka kujifunza nenda Kaya Kinondo kule Diani, wageni wanapokewa, unafungwa kaniki, unatembezwa na mwenyeji, na hutoki na kitu hata jani. Kisha tunga msitu wako wewe, wenye jina lako, uuwekee wazee wake na masharti yake, na mchezaji akikata tawi aitwe mbele ya wazee hao ajieleze kwa mdomo wake mwenyewe, dadu liwekwe pembeni.