Takwimu za plastiki: asilimia ya nini?

Ukipangiwa habari za mazingira, haitapita wiki kabla hujaletewa hii: mito 10 inaingiza asilimia 90 ya plastiki baharini. Usiiandike hivyo. Utafiti wenyewe, wa wanasayansi wa Ujerumani mwaka 2017, ulikadiria kuwa mito 10 hubeba asilimia 88 hadi 95 ya plastiki inayofika baharini kwa njia ya mito. Nyavu za wavuvi hazimo, wala taka zinazotupwa ufukweni. Maneno manne, "kwa njia ya mito", yalidondoka kwenye vichwa vya habari, msomaji akabaki akijua kosa ni la Asia, pamoja na Naili na Niger. Mwaka 2021 utafiti mwingine ukataja mito zaidi ya 1,000 kwa asilimia 80 ya plastiki hiyo hiyo ya mitoni. Huo haukuvuma sana. Mito elfu haikai vizuri kwenye kichwa cha habari.

Kwa hiyo fungua utafiti, japo muhtasari tu, utafute: ni asilimia ya nini, ya kipindi gani, na je, imepimwa au imekadiriwa? Kadirio liandike na ncha zake zote mbili. Plastiki iliyoingia baharini kutoka nchi kavu mwaka 2010 ilikadiriwa kuwa tani milioni 4.8 hadi 12.7, ukiandika "milioni 8" peke yake umeligeuza kadirio kuwa kipimo. Ile asilimia 9 ya plastiki inayotajwa kuwa imerejelezwa nayo ni ya taka zote za plastiki duniani hadi 2015, si ya mwaka jana.

Picha nazo zina yake. "Kisiwa cha taka" cha Pasifiki, yaani eneo la bahari hiyo lililojaa plastiki inayoelea, hakikanyagiki: sehemu kubwa ni vipande vidogo vilivyotawanyika. Ila kwa uzito, utafiti wa 2018 ulikuta asilimia 46 ni nyavu. Weka picha ya rambo inayoelea, na hakuna atakayewauliza wenye meli za uvuvi.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, 1 Juni 2019, kanuni zilimwekea mbebaji faini ya Sh 30,000 hadi 200,000, na mzalishaji Sh milioni 20 hadi bilioni 1. Mama wa sokoni ni rahisi kumpiga picha. Kiwandani kuna geti na mlinzi. Ukitumwa kwenye msako, omba idadi mbili: waliokamatwa na mfuko mkononi, na waliokamatwa wakiwa na mashine za kutengeneza mifuko.