Injini Iliyokaza: Sema Kwanza Ilikazaje

Maswali ya injini zilizokaza, yaani zisizozunguka kabisa, yamerundikana tena, na mengi yana kasoro ileile. Mwulizaji anataja mwaka wa gari, anataja rangi, anawalalamikia mafundi watatu waliomvunja moyo, lakini jambo moja linalohitajika halisemi: injini ilikaza ikiwa inafanya kazi, au iliegeshwa nzima ikakaziwa na muda? Hayo ni magonjwa mawili tofauti kabisa. Fundi anayekupa hukumu bila kukuuliza hilo anabahatisha na mali yako. Nimechagua yale yanayojibika.

Shikamoo fundi. Gari la marehemu baba limekaa chini ya turubai miaka minane. Lilipoegeshwa lilikuwa linatembea bila tatizo. Nimeweka betri mpya, lakini nikipiga stata inalia "tak" mara moja tu, kisha kimya. Nimeshauriwa nitupe injini ninunue nyingine. Nifanyeje?

Marahaba. Usitupe kitu bado, na huyo mshauri usimrudie. Ulivyoeleza ndivyo kila mtu angepaswa kueleza, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Kwanza, acha kabisa kupiga stata. Stata huvuta mamia ya ampea, na ikishindwa kuzunguka umeme wote huo unageuka joto ndani ya waya zake. Utaiunguza bure, na injini itabaki palepale.

Pili, hakikisha ni injini kweli. Fungua mikanda yote ya mbele, kisha zungusha kwa mkono altaneta, pampu ya maji na kompresa ya AC. Beringi moja iliyoshika kutu huko inatosha kukufanya uamini injini imekufa. Fungua na stata yenyewe uitoe, kwa sababu meno yake huweza kung'ang'ania kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Weka gia huru. Baada ya hapo ndipo ujaribu injini kwa spana.

Ikikataa, kuna uwezekano mkubwa kuwa ringi, zile pete zinazoizunguka pistoni, zimeshikana kwa kutu na kuta za silinda. Injini inaposimama, baadhi ya valvu hubaki wazi, na hewa yenye unyevu hupita hapo hadi ndani. Ndiyo maana mara nyingi ni silinda moja au mbili zinazoshikilia nyingine zote. Lakini chungulia radieta na oili pia. Kama maji ya radieta yamepungua na hakuna palipovuja kwa nje, au oili imekuwa nyeupe kama maziwa, basi gasketi ya silinda hedi (kifuniko kizito cha juu ya silinda) ilipitisha maji ndani. Hapo usihangaike na dawa, fungua hedi.

Kama hakuna dalili hizo, toa plagi zote. Ukiweza kuazima kamera nyembamba ya kupenyeza kwenye tundu, angalia kila silinda. Kutu ya vumbi vumbi inalegea. Kutu iliyochimba mashimo ukutani itakulazimu kuchonga silinda hata kama injini itazunguka. Mimina oili ya kulegeza kutu vijiko viwili vitatu vya chakula kila silinda, kisha funika matundu na uache. Kesho yake ongeza. Ukiona kiwango kinashuka, ujue huenda inapenya pembeni mwa ringi, na hiyo ni habari njema. Injini iliyolala ubavu ni ngumu zaidi, kwa sababu oili hukimbilia upande wa chini na kuuacha wa juu mkavu. Itabidi uongeze mara kwa mara.

Wiki moja ni muda wa kawaida. Wiki tatu si ajabu. Watu wengi hushindwa hapa kwa sababu ya haraka, si kwa sababu injini ni mbovu.

Kisha weka boksi spana kwenye bolti ya puli ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni), na mpini wa nusu mita hivi. Sukuma kwa uzito unaoongezeka taratibu, bila kupiga na bila kurukia. Shikilia, achia, kisha jaribu kidogo upande wa pili. Ukirudisha nyuma uwe mwangalifu: bolti hiyo ikianza kufunguka, acha. Chora mstari wa chaki kwenye puli, maana mwendo wa kwanza huwa mdogo kiasi kwamba mkono hauusikii. Ukiona mstari umesogea hata unene wa ukucha, umeshinda sehemu kubwa. Rudisha, sogeza, ongeza oili, rudia. Usiunganishe bomba refu kwenye mpini. Bolti ikikatika ndani ya krankshafti utakuwa na matatizo mawili badala ya moja.

Nilimwaga dizeli kwenye silinda jana, leo bado imekaza. Jirani ana trekta. Tuvute gari likiwa kwenye gia?

Hapana.

Na kwa kuwa swali hili huja kila mara, nieleze kwa nini. Trekta haina hisia. Mkono wako kwenye spana unasikia kitu kinapoanza kukataa vibaya, lakini trekta inaendelea kuvuta. Kitakachoachia kinaweza kuwa klachi, meno ya gia, konrodi (fimbo inayounganisha pistoni na krankshafti) iliyopinda au ringi zilizovunjika na kuchana silinda. Kuna walioifungua injini kwa njia hiyo, ndiyo. Waulize ilitoa moshi kiasi gani baadaye.

Dawa ipi ni bora: soda ya kunywa, siki, mafuta ya taa, au ule mchanganyiko wa asetoni na oili ya gia za otomatiki?

Soda na siki ni asidi. Zinakula kutu, lakini pistoni za magari mengi ni za alumini, na kuziloweka wiki nzima kwenye asidi ni kuziharibu. Magadi makali ya kuzibulia mabomba ndiyo mabaya kuliko yote, yanaitafuna alumini ukiwa unaangalia. Nimeona ikishauriwa, na anayeshauri hivyo anapaswa kuona aibu.

Mafuta ya taa na dizeli hupenya vizuri lakini hulainisha kidogo. Mchanganyiko wa asetoni na oili ya otomatiki, nusu kwa nusu, unafanya kazi kweli: asetoni ni nyepesi inaibeba oili hadi kwenye nyufa, kisha yenyewe inayeyuka angani. Lakini viwili hivyo havikai pamoja, vinajitenga. Tikisa chupa kila unapomimina. Na mvuke wa asetoni unashika moto hata kwenye baridi kali, nyuzi 20 chini ya sifuri. Fanyia kazi nje, toa betri, asiwepo mvuta sigara karibu. Ikidondokea rangi ya gari, rangi itatoka.

Mwisho wa yote, oili yoyote safi ya kulegeza kutu pamoja na subira hushinda dawa kali pamoja na haraka.

Taa ya oili iliwaka barabarani nikaona nifike nyumbani kwanza. Injini ikaanza kugonga, kisha ikakaza. Niweke oili gani ya kuilegeza?

Hakuna. Beringi zako zimekosa oili, zikapata joto, zikagandana na krankshafti. Shusha sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na utaona vipande vyake. Hiyo ni kazi ya kufungua injini nzima na kupima krankshafti, si kazi ya chupa.

Na wasomaji wengine wote: ile taa nyekundu haikuambii oili imepungua, inakuambia presha ya oili imekwisha. Unazima injini palepale, hata kama nyumbani kunaonekana.

Injini ilichemka, mshale ukafika mwisho, gari likazima na kukaza. Baada ya saa mbili ikazunguka yenyewe na nikaendesha hadi nyumbani. Imepona?

Haijapona. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma cha silinda kwa joto lilelile, kwa hiyo pistoni zilinenepa hadi zikabana ukutani na kukwaruza. Zilipopoa zikarudi, lakini mikwaruzo imebaki. Tafuta moshi wa buluu, oili inayopungua na nguvu iliyoshuka. Hedi nayo huenda imepinda. Pima kompresheni (mkandamizo ndani ya silinda) kabla ya safari yoyote, na utafute kilichofanya maji yaishe. Ukiongeza maji tu na kuendelea, mara ya pili haitaachia.

Nilipita kwenye maji yaliyofika kwenye taa, injini ikakata ghafla. Sasa haizunguki hata kidogo.

Usiguse stata tena. Injini imevuta maji kupitia njia ya hewa, na maji hayakandamiziki. Pistoni ikipanda ikakutana nayo, kinachojikunja ni konrodi. Toa plagi zote, au nozeli zote (vinyunyizio vya mafuta) kama ni dizeli, kisha zungusha kwa spana maji yatoke. Ikizunguka laini bila kugusa popote, una bahati. Badilisha oili na filta zote kabla ya kuwasha, na ufanye kazi hiyo siku hiyohiyo, kwa sababu kutu haisubiri. Ikizunguka kisha ikagonga mahali pamoja kila mzunguko, konrodi imepinda. Usijaribu kuwasha.

Fundi ametoa hedi na anataka kuzipiga pistoni kwa nyundo. Nimruhusu?

Kwa kipande cha mbao ngumu kinachojaza uso wa pistoni, na baada ya kuloweka, ndiyo. Nyundo juu ya alumini tupu, hapana. Mwangalie anachagua pistoni ipi. Iliyo juu kabisa au chini kabisa isipigwe, kwa sababu konrodi yake imenyooka mstari mmoja na mkono wa krankshafti: nguvu yote inaishia kwenye beringi na hakuna kinachozunguka. Zipigwe zile zilizo katikati ya safari. Kama fundi halijui hilo, mshukuru umlipe kazi aliyofanya, utafute mwingine.

Imelegea! Inazunguka kwa spana. Niwashe?

Hongera, lakini hapana. Hapa ndipo injini nyingi zilizookolewa huuawa.

Fungua kifuniko cha valvu, zungusha kwa spana mizunguko miwili kamili na uone kila valvu ikishuka na kurudi juu. Valvu iliyoganda wazi itapigwa na pistoni mara utakapowasha. Kama injini inatumia taiming belti ya mpira (mkanda unaopanga mwendo wa valvu na pistoni) na imekaa miaka, badilisha kabla ya jambo lolote. Katika injini nyingi ikikatika valvu na pistoni zinagongana.

Mwaga oili yote. Ile dawa uliyomimina imeshuka kwenye sampu na kuifanya oili iwe nyepesi kama maji. Weka oili na filta mpya. Toa petroli ya zamani pia, imeoza.

Kisha, plagi zikiwa nje, koili na pampu ya petroli zikiwa zimechomolewa umeme, funika matundu kwa kitambaa na usimame pembeni. Piga stata kwa vipindi vifupi. Mabaki ya dawa yataruka kwa nguvu, na cheche ikiwepo yatawaka. Endelea hadi taa ya oili izime au geji ioneshe presha. Kwa injini ya dizeli, hakikisha silinda ni kavu kabisa kabla ya kurudisha nozeli: inaweza kuchoma oili iliyobaki ikakimbia kasi bila wewe kuweza kuizima kwa ufunguo.

Usipime kompresheni kabla ya kuiwasha. Oili iliyobaki inaziba ringi na geji itakudanganya. Iwashe nje, iache itoe moshi, ipate joto taratibu, ndipo upime. Silinda dhaifu ikifikia angalau robo tatu ya ile yenye nguvu, una injini ya kuendelea nayo. Badilisha oili tena mapema, baada ya safari chache fupi.

Gari langu halitembei, lakini kila wiki naliwasha dakika tatu lisikaze. Inatosha?

Unaliharibu. Dakika tatu hazitoshi kuipasha injini, na kuchoma petroli kunazalisha maji yanayobaki ndani ya silinda, kwenye oili na kwenye ekzosi. Ama liendeshe nusu saa lipate joto kamili, ama usiliwashe kabisa. Kama litakaa miezi, badilisha oili kwanza, mimina kijiko cha oili safi kila silinda, zungusha kwa spana mizunguko michache, rudisha plagi, ziba njia ya hewa na mdomo wa ekzosi. Bandika karatasi kwenye usukani iliyoandikwa ulichoziba, ili atakayeliwasha asikute kitambaa ndani ya njia ya hewa.